Nguo za msaada: kuzibeba kutoka nje au kuzinunua Karume?

Wanaokuja Dar kujitolea kwa watu wenye ulemavu wengi hufika na masanduku ya nguo. Hawakuzinunua, wameokoa fedha, na hilo si dogo. Lakini sweta zito kwenye joto la Temeke ni mzigo kwa anayepewa.

Mitumba ya soko la Karume, Ilala, inamwachia mwenye ulemavu nafasi ya kuchagua mwenyewe, na hilo naliona kubwa kuliko bei. Anayetumia kiti cha magurudumu anahitaji suruali iliyopanda nyuma kiunoni, isiyo na mifuko ya nyuma inayochubua ngozi. Fundi cherehani wa jirani huirekebisha. Fedha nazo zinabaki mtaani.

Kiti chenyewe ni habari nyingine: kipimwe na wataalamu, kwa kuwa kisichomtosha mtu humletea vidonda.