Brashi ya Kunyolea ya Nywele za Nguruwe: Uzoefu Wangu Tangu Ikiwa Mpya

Brashi ya kunyolea ndevu iliyotengenezwa kwa nywele za nguruwe haifai kuhukumiwa katika wiki zake za mwanzo, na nadhani wengi walioinunua wakaishia kuitupa kabatini waliiacha kabla haijaonyesha uwezo wake. Mimi niliichagua kwa sababu ya bei, kwani aina hii huuzwa kwa bei nafuu sana kuliko ile ya nywele za beja, mnyama wa jamii moja na nyegere. Watengenezaji wake wanaojulikana ni pamoja na Omega wa Bologna, Italia, walioanza kazi mwaka 1931, na Semogue wa Ureno.

Ikiwa mpya ilikuwa ngumu, ilichoma shavu, na ilipolowa maji ya vuguvugu ilitoa harufu ya zizi. Niliiosha kwa shampuu, nikaisuuza na kuianika, na baada ya kurudia hivyo harufu ilififia polepole. Nywele chache zilichomoka pia, jambo ambalo ni la kawaida. Lakini zikitoka mafungu kwa mafungu, gundi ina kasoro na ni haki yako kuirudisha dukani.

Kilichonichosha zaidi ni povu. Nilikuwa nikikoroga sabuni hadi povu linajaa, nikipaka shavu moja, na nikigeukia la pili nakuta brashi imekauka kana kwamba haijaguswa. Sababu yake ni kwamba nywele za nguruwe hunyonya maji ndani kwa ndani, ilhali za beja huyashika zaidi katika nafasi zilizopo kati ya unywele na unywele, kwa hiyo ukianza na brashi kavu itakunywea maji yote ya povu lako. Dawa yake ni kuilowesha kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu kwa dakika chache kabla ya kunyoa, kisha kuikung'uta kidogo. Maji yanayochemka yasitumike kabisa, kwa maana huharibu nywele na kulegeza gundi. Zaidi ya hapo, jioni ambazo sikuwa na ndevu za kunyoa nilikuwa nakoroga povu kiganjani, naliacha likae ndani ya brashi kwa muda, kisha naisuuza na kuiacha ikauke kabisa.

Mabadiliko yalianzia kwenye ncha. Ukiishika brashi iliyokwisha kutumika karibu na dirisha, utaona kila unywele umepasuka nchani ukawa matawi mawili au matatu membamba, na huo ndio ulaini unaousikia usoni. Shina la unywele halilegei, na hapo ndipo ninapoipenda brashi hii: ncha zinabembeleza ngozi, lakini kiini chake bado kina nguvu ya kukwangua sabuni ngumu ya kipande, kazi ambayo brashi laini mno huifanya kwa shida.

Wanaotumia maji ya kisima yenye chumvi, kama yalivyo ya sehemu nyingi za Dar es Salaam, wasiilaumu brashi haraka povu linapogoma. Wajaribu kwanza kwa maji ya mvua, na tofauti wataiona wenyewe.

Baadhi ya wauzaji huandika tu kwamba nywele ni za asili, bila kumtaja mnyama. Kwa Mwislamu, ambaye nguruwe kwake ni najisi, hilo si jambo dogo, hivyo ni vyema aulize kabla ya kulipa. Zipo brashi za nyuzi bandia, ambazo hazina harufu ya mnyama wala hazihitaji kuzoeshwa.

Mimi mwenyewe ninayo moja ya nyuzi bandia kwa asubuhi za haraka, kwa sababu ile ya nguruwe, hata baada ya kulainika, bado inadai kuloweshwa kila ninaponyoa. Siku za mapumziko, ninapokuwa na nafasi, ndiyo ninayoichukua.