Chambo bandia cha kuvulia ufukweni: kipi ununue kwanza ukiwa Nyanda za Juu Kusini

Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800. Mtu wa Mwanjelwa, Makambako au Mafinga anayeshuka baharini wakati wa likizo hanunui chambo kama mtu wa Mtwara, ambaye cha leo kikipotea, kesho anatafuta kingine. Wewe ulichobeba ndicho hicho hicho. Kwa hiyo nimevipanga kwa kigezo kimoja: kipi kitampata kolekole, nguru au mzia ukiwa umesimama nchi kavu, na kisiharibike siku ya kwanza.

1. Kisamaki cha chuma, gramu 40 hadi 60

Kama hela yako inatosha chambo kimoja tu, chukua hiki. Ni chembamba na kizito, hata kusi ikivuma kinafika mbali. Ukishakirusha, zungusha rili haraka bila kupumzika, maana nguru na kolekole hukimbiza kinachokimbia. Rangi ikibanduka si hasara, kitaendelea kung'aa. Ubaya wake ni kwamba kinazama: ukisita juu ya matumbawe, umekiacha huko. Beba vitatu.

2. Popa

Hiki kinaelea, na uso wake umebonyea kama kikombe. Ukikivuta kwa mkupuo kinatema maji na kupiga kelele, na kolekole mkubwa anapanda kukipiga juu kabisa, unamwona kwa macho. Hakuna uvuvi mtamu kuliko huo. Juu ya miamba ndicho salama zaidi, kwa sababu hakinasi chini.

Ila hapa ndipo watu wanapouziwa urembo. Kolekole mkubwa akikomaa anaweza kupita kilo 50, na popa ya bei rahisi mara nyingi ndoana zake zimeshikwa na skrubu fupi tu iliyokazwa kwenye plastiki. Tafuta yenye waya mmoja uliopita mwilini kutoka mdomoni hadi mkiani. Jaribu pete inayoshika ndoana: ikifunguka kwa ukucha, irudishe. Kisha buruta ncha ya ndoana taratibu juu ya ukucha wa kidole gumba. Ikiteleza ni butu. Ikikwama ni kali.

3. Chambo laini cha mpira

Rahisi, na kizuri kwenye maji matulivu karibu na mikoko, hasa kwa chewa wadogo. Adui yake ni bunju. Anakata mkia kipande kwa kipande, na pakiti nzima inaweza kuisha asubuhi moja.

4. Kisamaki chenye ulimi wa plastiki

Dukani ndicho kinachovutia kuliko vyote, na ndicho ningekuambia ununue mwisho. Kikirushwa dhidi ya upepo kinapinduka na kuangukia karibu, na ulimi, yaani kile kibamba cha mdomoni kinachokizamisha ukikivuta, ukigonga mwamba unavunjika. Kinafaa zaidi kukokotwa nyuma ya boti.

Hela inayobaki usiiongeze kwenye rangi. Nunua ndoana na pete za akiba, plaizi, na waya mfupi wa kufunga mbele ya chambo, kwa sababu meno ya nguru na mzia hukata nailoni mara moja. Kolekole hakati kwa meno; yeye hukimbilia matumbawe akausugue mshipi, kwa hiyo kwake funga nailoni nene. Fimbo ya mita 2.7 hadi 3 inatosha, mradi iwe imeandikwa kwamba inabeba uzito wa chambo chako.

Usisubiri bahari ndipo ujifunze kurusha. Nenda Matema, Ziwa Nyasa, na chuma kidogo cha gramu 10 hadi 20. Mbasa anakifukuza vizuri. Mvua zikianza mbasa hupanda mito kwenda kutaga, kipindi hicho usisimame kwenye midomo ya mito.

Ukivua baharini, osha kila kitu kwa maji yasiyo na chumvi jioni ileile na ukikaushe kabla ya kupanda basi. Ukikifungia kwenye mfuko kikiwa na chumvi, utafika Mbeya pete zimeshaanza kutu.