Darasa la jioni la hesabu, Ngamiani: nyota nne

Nimesoma hapa wiki saba, kila Jumanne na Alhamisi, saa kumi na mbili jioni mpaka saa mbili usiku. Ni sebule ya Mwalimu mwenyewe, Ngamiani kwenye barabara za namba. Kuna viti kumi na viwili na ubao wa chaki, na kipindi kimoja ni shilingi 8,000. Mwalimu ni mstaafu wa sekondari. Wengi wetu tunajiandaa na GMAT, mtihani wa kuombea shahada ya uzamili ya biashara. Mimi mchana ni karani wa ghala la mkonge, napima marobota.

Nilikuja kwa sababu ya aina moja tu ya maswali. Unapewa swali na taarifa mbili, halafu huulizwi jibu: unaulizwa kama taarifa hizo zinatosha kulipata. Machaguo ni matano na hayabadiliki. Labda ya kwanza peke yake inatosha, labda ya pili peke yake, labda mpaka ziungane, labda yoyote kati yake inatosha, au hata zote mbili hazitoshi. Tangu mtihani ubadilishwe mwaka 2023, maswali haya yako katika sehemu iitwayo Data Insights, maswali 20 kwa dakika 45. Kikokotoo unapewa, lakini kwenye kukadiria namba hakikuokoi.

Siku ya pili tu Mwalimu aliandika ubaoni: x ikikadiriwa kwa makumi ya karibu ni ngapi? Taarifa ya kwanza: x ikikadiriwa kwa namba nzima ni 75. Ya pili: ikikadiriwa kwa sehemu ya kumi ni 74.9. Darasa zima tukajibu kwa sauti kwamba yoyote inatosha, jibu 80. Mwalimu akatikisa kichwa. "Wanangu, msikikadirie kilichokwisha kukadiriwa. Rudini kwenye x."

Akachora mstari. Namba inayokadiriwa kuwa 75 inaanzia 74.5 na haifiki 75.5. Ikiwa 74.6, makumi yake ya karibu ni 70, ikiwa 75.2, ni 80. Kwa hiyo ya kwanza haitoshi. Ya pili inaibana x kuanzia 74.85 hadi chini kidogo ya 74.95, na humo mote makumi ya karibu ni 70. Ya pili peke yake inatosha, na jibu lenyewe ni 70, siyo 80 tuliyoipigia kelele. Usiku ule nililala nikiuona ule mstari.

Alipojua kazi yangu, akanitungia swali la kwangu. Mizani yetu husoma kilo nzima. Robota moja limesoma 250, la pili 251: je, jumla yake halisi ikikadiriwa kwa kilo ni 501? Nilikuwa tayari kuapa. Kumbe uzito wa kweli wa yote mawili unaweza kuanzia 500 na kukaribia 502 bila kuifikia, basi yaweza kuwa 500, 501 au 502. Miaka sita najumlisha kilo hizo kila siku na sikuwahi kuliona hilo. Sasa nikikutana na namba iliyokadiriwa, kabla ya kitu kingine naandika pembeni inapoanzia na inapoishia. Nyumbani nilikuwa napata 9 kati ya maswali 20 ya aina hii. Juzi nimepata 15.

Nyota moja nimeibana kwa sababu mtihani hufanywa kwenye kompyuta na hapa hakuna hata moja. Mazoezi ya kukimbizana na saa utajifanyia mwenyewe. Pia Mwalimu haendi mbele mpaka wa mwisho aelewe. Mwenye haraka atachoka. Kiingereza cha mtihani hakifundishwi.

Ukienda, beba daftari la mistari mipana na tochi, umeme ukikatika kipindi kinaendelea. Bisha hodi mlango wa barazani, siyo wa uani.