Dafu au ndizi?

Jua la Lamu likishapanda, mkono wenyewe huenda kwenye dafu. Muuzaji analikata kichwa kwa panga, maji yanaruka, unakunywa papo hapo. Kikombe kimoja kina takriban miligramu 400 hadi 600 za potasiamu, madini ambayo mwili unayahitaji. Ndizi mbivu ya wastani, kama 420. Hazipishani sana. Ila mwenye njaa nitampa ndizi, maana ina nyuzinyuzi na inashibisha. Dafu nawawekea wachukuzi wanaoshusha mizigo gatini, jasho likiwatiririka. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau miligramu 3,510 za potasiamu kwa siku, kwa hiyo chakula cha mchana kiwe na mbaazi, mchicha, viazi vitamu. Mgonjwa wa figo amuulize daktari kwanza, tafadhali: kwake potasiamu ikizidi huweza kuvuruga mapigo ya moyo.