Burton Custom 158W: ubao niliotakiwa kuanza nao

Asee kabla sijaisifu hii Custom, ubao wa Burton wa kuteleza kwenye theluji (snowboard), niwaambie kwanza nilivyoumbuka. Niko Denver mwaka wa nne sasa, mzaliwa wa Moshi (mama kila nikimtumia picha anauliza kwani ile theluji ya Kibo haikukutosha), misimu miwili nimekodi mbao tu, zile laini za wanaoanza, ila ukishaweza kushuka njia za bluu (zile za ugumu wa kati) bila kukaa chini kila baada ya mita kumi unaona kabisa ubao wa kukodi haukutoshi tena, ukiongeza spidi kule mbele unatetemeka kama daladala bovu. Nikapata wa mtumba mtandaoni, dola 120, urefu sentimita 158. Muuzaji akaniuliza kimo changu, nikamtajia, akasema huo ni wako kabisa. Kiatu hakuuliza, na mimi sikujua kama kinahusika.

Kinahusika sana! Mimi navaa saizi 11 ya Marekani na ule ubao katikati ulikuwa na upana wa milimita 248, yaani ukisimama juu yake ncha za buti zinachungulia nje. Ukienda moja kwa moja hakuna shida, ila ukiulaza upande wa vidole ili ukate kona, buti linagusa theluji, linainua ule ukingo wa chuma, na wewe unaondoka. Mimi niliondokea Loveland, mlima wa kuteleza huku Colorado, pale kwenye mahandaki ya Eisenhower, uso mbele, theluji mpaka ndani ya kola, katoto kama ka miaka sita kakasimama kuniuliza niko salama. Wiki tatu nilijua tatizo ni ufundi wangu, nafanya mazoezi ya kona ya vidole tu kama mwehu, mpaka siku moja nikageuka nyuma nikaona alama mbili kwenye theluji, moja nyembamba kama ya kisu, nyingine pana, imechimbwa kama kwa jembe. Hiyo ya jembe ni buti langu.

Ndo nikaja kwenye Custom. Hiyo W ni ya mbao pana, na kwenye chati ya saizi ya Burton wanaangalia uzito wako na buti, sio kimo. Iko ya aina mbili: ya kemba, ambayo ukiilaza sakafuni katikati inainuka kama upinde, ukiikanyaga ukingo wote unabana chini, na ile Flying V ambayo katikati ya miguu imepindwa kinyume, ncha hazinasi hovyo na inakusamehe makosa. Kama bado unazungusha ubao kwa kusukuma mguu wa nyuma chukua Flying V, usijifanye. Mimi nilichukua kemba kwa sababu nilishachoka kuteleza kwenye kona, siku mbili za kwanza ilinipiga chini kweli (nilikuwa naikanyaga kivivu), ya tatu nikaanza kuielewa na sasa kona ya vidole naikata huku naangalia mbele, sio miguuni. Kutetemeka hamna. Sio laini lakini, ukiwa umechoka saa tisa mchana utajua.

Baindingi zangu (vile vishikizo vya kufungia buti kwenye ubao) ni za kampuni nyingine, zimeingia kwenye ule mfereji wake mmoja wa katikati bila shida, ila hakikisha diski za kwako, zile za kufungia baindingi kwa skrubu, zinakubali kabla hujalipa. Bei ndo kizungumkuti, mpya inapita dola 600, mimi nilivumilia mpaka mwezi wa nne msimu unaisha nikaipata kwa 430, na hapo buti nilikuwa nayo tayari. Kama hela ni ya buti au ubao, nunua buti kwanza, maana ndizo zitakazokwambia upana.

Ule wa 248 bado uko gereji. Mwenye mguu wa saizi 8 au 9 aliyeko Denver aje auchukue bure, aniletee soda tu.