Fundi simu wa Mwanga, nampa nyota 4

Wana Kigoma wenye watoto wanaoshika simu someni hii. Nilienda kwa fundi mmoja pale Mwanga jirani na sokoni, sio duka, ni kibanda tu cha meza moja na feni, nampelekea simu yangu ya zamani aifute nimpe mwanangu wa miaka 11 maana kila siku ananing'ang'ania hii ya kwangu. Nikajua dakika kumi nimeondoka, nimekaa pale saa moja na nusu.

Kabla hajagusa kitu kaniuliza anatumia nani, nikamwambia mtoto, akasema basi mama mlete na mwenyewe. Dogo akaletwa na dada yake kutoka Gungu. Fundi akamfungulia email ya mtoto, mwaka wa kuzaliwa wa kweli sio ule tunaodanganya kazaliwa 1990, akaiunganisha na yangu kwa Family Link, ile app ya Google ya mzazi kusimamia simu ya mtoto. Ni bure, gharama yako bando tu. Saivi ikifika saa tatu usiku simu yake inajifunga, na akitaka kupakua kitu ombi linakuja kwangu kwanza. Pasiwedi nimebonyeza mwenyewe yeye kageukia kule, hapo alinikosha maana wengine wanakuandikia kwenye karatasi na wanabaki nayo kichwani.

Ila kilichonifanya niandike ni hiki. Akaniambia mama usidanganyike, hii haisomi meseji za WhatsApp wala soga za kwenye gemu. Akamgeukia dogo taratibu kabisa, "kuna mtu humjui ashakuahidi almasi?" Dogo kimya, anaangalia ndala zake. Kumbe yupo!! Tena kwenye simu YANGU, anajiita jina la kike, kamwahidi almasi za gemu akimtumia picha akiwa anaoga na mama asijue. Namshukuru Mungu hakutuma. Nikaanza kufoka, fundi akanikata jicho nikanyamaza. Nikataka kufuta yale mazungumzo akanizuia, akasema usifute wala usimjibu, piga skrinishoti soga yote na akaunti yake ndo umbloku, halafu peleka polisi Dawati la Jinsia na Watoto. Na ukutani kabandika 116, ile namba ya bure ya watoto ya shirika la C-Sema, hata mtoto mwenyewe anapiga. Kamwambia dogo aikariri, akaikariri palepale.

Nyota moja nimeitoa kwa sababu benchi hamna, jua lote lako, na umeme ulikatika katikati tukasubiri. Bei elfu saba, sawa tu. Jueni pia simu ya mtoto ikiwa haina bando, ukibadilisha kitu kwako hakimfikii mpaka aingie hewani, ila hilo sio la fundi.

Jana niko Kibirizi napima dagaa ombi likaingia, anataka gemu lingine la risasi. Mikono yote inanuka samaki, nimelikataa kwa kidole kidogo.