Miezi mitano na The Battle for Wesnoth nikiwa kaunta ya steshenari

Nina steshenari ndogo Mwenge. Kazi zangu ni kuchapa, kutoa kopi, kulaminisha vyeti, kuskani vitambulisho na kujaza fomu za watu mtandaoni. Kazi hii haiji kwa mpangilio. Saa nzima unaweza kukaa unapepewa na feni tu, halafu wanaingia wanafunzi saba kwa mpigo, kila mmoja na flashi yake, kila mmoja ana haraka. Gemu ya kukimbizana huiwezi katika mazingira haya, maana mteja akikuita tu umeshakufa. Ndiyo sababu nimedumu na The Battle for Wesnoth. Inakwenda kwa zamu, na zamu yako ikifika adui hasogei hata hatua moja mpaka wewe umalize. Nimewahi kumwacha askari wangu katikati ya daraja, nikachapa barua tatu za maombi ya kazi, nikatoa kopi sitini za maswali ya semina, nikarudi nikamkuta palepale na mkuki wake.

Nilianza kuicheza kwa sababu ya kompyuta yenyewe. Niliinunua Kariakoo, mtumba, na muuzaji aliniapia kwamba betri inakaa saa tatu. Haifikishi dakika ishirini. Haina kadi ya picha ya maana, na gemu kubwa haifunguki kabisa. Wesnoth ni ya tangu 2003, ilianzishwa na David White na tangu hapo inaendelezwa na watu wa kujitolea, na imeiingia mashine yangu bila shida. Ukishaipakua haikudai bando tena. Ni bure kabisa: haina matangazo, haikuuzii almasi, haikuambii usubiri saa nne nguvu zirudi. Umeme ukikatika na betri ikafa, ukiwasha unaikuta imejihifadhi yenyewe mwanzoni mwa kila zamu. Kwa mtu wa Dar hilo si jambo dogo.

Sasa niingie kwenye gemu lenyewe.

Uwanja umegawanywa vigae vya pembe sita. Una kiongozi mwenye ngome, una dhahabu, unaajiri askari. Unateka vijiji ili vikuletee mapato, na askari aliyejeruhiwa akilala kijijini anarudishiwa uzima, pointi 8 kwa zamu. Askari anayepigana anapata uzoefu, akijaa anapanda daraja na kubadilika, na katika kampeni, yaani hadithi yenye sura kadhaa, unaweza kumwita tena sura inayofuata kwa dhahabu 20. Akifa, amekufa. Kiongozi wako akifa, umeshindwa. Mengine yote yanatoka humo.

Kilichonishika kabisa ni saa. Siku moja ya Wesnoth ina zamu sita: alfajiri, asubuhi, alasiri, machweo, usiku wa kwanza, usiku wa pili. Binadamu wa ufalme ni watu wa mchana, wanapata nguvu asilimia 25 zaidi jua likiwaka na kupoteza asilimia 25 giza likiingia. Maorki, wale viumbe wa vita, na wafu waliofufuliwa ni kinyume chake. Waelfi, wale watu wa msituni, hawabadiliki. Ukisoma hivi hivi unaona ni kitu kidogo. Lakini mpiga mkuki wangu anapiga 7 kwa kila pigo. Mchana zinakuwa 9. Usiku zinakuwa 5. Ana mapigo matatu, kwa hiyo akipata yote mchana ametoa 27, usiku 15, na ni mtu yuleyule aliyesimama palepale. Wiki mbili za kwanza nilikuwa nashindwa bila kuelewa kwa nini. Nilikuwa naanza safari asubuhi, namfikia adui jioni, nampiga usiku. Nilipogeuza, nikawa nasubiri kwenye vijiji usiku na kusonga mbele kuanzia alfajiri, sura iliyokuwa imenitoa jasho mara nne niliimaliza jaribio moja.

Mahali pa kusimama nako kuna uzito uleule. Askari wa kawaida akisimama kwenye nyasi tupu, adui ana nafasi 60 kati ya 100 ya kumpata. Akiwa kijijini au ndani ya ngome, inashuka mpaka 40. Akiingia majini au kwenye tope, inapanda mpaka 80. Kabla hujashambulia, gemu inakufungulia hesabu yote: nafasi ya kupiga, nafasi ya kupigwa, nani ana uwezekano gani wa kufa. Hakuna kinachofichwa. Na karibu kila askari anazuia vigae vinavyomzunguka, adui akivikanyaga lazima asimame, kwa hiyo huna haja ya kupanga ukuta wa watu bega kwa bega. Wawili wenye vigae viwili vitupu katikati yao wanatosha kufunga njia. Niliijua hiyo baada ya mwezi mzima, na niliumia nilipokumbuka dhahabu yote niliyomwaga bure.

Hapo ndipo wachezaji wanapogawanyika, kwenye suala la bahati.

Kaka yangu mkubwa ni mtu wa drafti. Jioni yuko kijiweni Manzese na vizibo vyake. Nilimwonyesha Wesnoth, akakaa dakika kumi, mpiga mkuki akakosa mara tatu, akainuka. Aliniambia, "Mdogo wangu, mchezo ambao unafanya sawasawa halafu unakosa, huo si wa akili." Kwake kete ikienda imekwenda, na ukiliwa umeliwa kwa kosa lako. Namheshimu, na najua anachosema. Kuna mchawi katika jeshi la ufalme ambaye moto wake una nafasi 70 ya kumpata yeyote, popote aliposimama, na anarusha mara tatu. Kukosa zote tatu hutokea mara 27 kati ya 1,000. Imenitokea, mbele ya orki aliyekuwa amebakiwa na uzima wa pointi mbili.

Binamu yangu wa Tabata ana msimamo mwingine. Yeye akikosa anafungua alipohifadhi na kurudia zamu mpaka ifaulu. Amemaliza kampeni mbili kabla yangu kwa njia hiyo. Matoleo ya karibuni yana hata chaguo la kupunguza makali ya bahati unapoanza kampeni, na sioni ubaya kwa anayelitumia. Lakini binamu tukicheza wawili, kwa kupokezana kompyuta hiyohiyo moja, hana pa kurudia, na hapo anaonekana. Jumapili moja wote tulichukua jeshi la ufalme. Mimi nilikuwa na mpanda farasi, dhahabu 23, fahari yangu. Akivamia, madhara yake yanazidishwa mara mbili, na anayopokea pia yanazidishwa mara mbili. Nikamtuma mchana kweupe kwa mpiga mkuki wa binamu, dhahabu 14. Mpiga mkuki hupiga kwanza hata akivamiwa, na farasi wanaumizwa zaidi na mikuki. Mikuki miwili ikaingia. Farasi na mpandaji wakaanguka kabla hawajafikisha pigo lao la pili. Hakuna bahati pale. Niliyaona maelezo yote kwenye skrini nikayapita kwa haraka.

Mimi msimamo wangu umetokana na kisa kimoja, na nitakisimulia vizuri.

Gemu inakuruhusu kubadili majina ya askari. Mimi nawapa majina ya mitaa yetu. Nina Tandale, nina Kigogo, nina Buguruni ambaye anabeba rungu. Katika kampeni ya Heir to the Throne, ile ya kijana Konrad aliyelelewa na Waelfi chini ya mzee Delfador, akikua ili akamkabili malkia Asheviere, nilikuwa na mchawi mmoja niliyemwita Kigamboni. Nilimlea. Kila orki aliyebakiwa na uzima kidogo nilimwachia yeye ammalizie, maana kummaliza adui wa daraja la kwanza kunatoa uzoefu 8 na kupigana naye tu kunatoa 1. Akapanda daraja akawa mganga mweupe, anayetibu wote waliosimama kandokando yake. Jeshi langu lote likawa linajipanga kumzunguka yeye.

Sasa ikafika sura ya maorki, usiku wa kwanza. Tandale na Kigogo walikuwa hoi. Nikamtanguliza Kigamboni kwenye kijiji cha mbele awatibu wote wawili, nikijiambia zamu ijayo nitamrudisha nyuma. Yuko kijijini, adui ana nafasi 40 tu ya kumpata. Nikabonyeza kumaliza zamu. Maorki watatu wakamjia, kila mmoja kutoka upande wake, kila mmoja mapigo mawili, na kila pigo usiku ni 11. Uzima aliokuwa nao ungeisha kwa mapigo manne. Wa kwanza akapata yote mawili. Wa pili akapata moja. Niliweka mkono mdomoni. Kulikuwa na mama mmoja anasubiri kopi za cheti cha kuzaliwa cha mwanawe, akaniuliza, "Vipi dada, printa imeharibika?" Wa tatu akapata.

Usiku ule, nimeshafunga duka, nikakaa na karatasi. Mapigo sita, kila moja nafasi 40, yanayohitajika ni manne au zaidi. Inatoka karibu 18 kati ya 100. Si ajabu ya dunia, ni karibu mara moja katika kila mara sita. Na kuna kingine nilichokiona nilipokuwa naandika. Buguruni na mwenzake walikuwa nyuma yangu hawana kazi. Ningewaweka kuziba pande mbili, orki mmoja tu ndiye angemfikia Kigamboni, na orki mmoja hata akipata mapigo yote mawili anatoa 22. Asingeweza kumuua. Nafasi isingekuwa 18 wala 5. Ingekuwa sifuri.

Tangu siku hiyo ndivyo ninavyocheza. Kabla ya kumaliza zamu najiuliza: wakipata yote, nani anakufa? Nampanga upya huyo. Sikurudia ile zamu. Niliendelea na kampeni bila Kigamboni, ilikuwa ngumu, na nilimaliza. Nilimweleza kaka hesabu hii akanisikiliza mpaka mwisho, ingawa kwenye kijiwe chake amebaki.

Kasoro zipo. Picha ni za kizamani, za pikseli, na wanaotaka vishindo vya sinema watachoka mapema. Kompyuta kama adui inapenda kuvamia tu, ukishaijua unaivuta kwenye tope kwa urahisi, ndiyo maana kucheza na mtu ni kutamu zaidi. Heir to the Throne ina sura za chini ya ardhi, kwenye mapango ya wale mbilikimo, ambazo kwangu zinaburuza: kule ni giza muda wote, kwa hiyo mchezo wa saa, uzuri wenyewe wa gemu hii, unapotea. Na sura moja inaweza kula saa tatu. Kampeni za ziada zinazotengenezwa na wachezaji wenyewe ni nyingi, unazipakua humo humo ndani ukiwa na bando, ila nyingine zimeishia njiani.

Kuhusu dhahabu, mgeni aelewe mapema: ukimaliza sura, kwa kawaida unavuka na asilimia 40 tu ya uliyobaki nayo, na kumaliza mapema kuna nyongeza. Kwa hiyo ukizubaa kuwindana na orki wa mwisho ili ulee askari, sura ijayo unaianza maskini. Na kila askari wa kuajiriwa ana gharama ya kumtunza, wa daraja la juu zaidi ghali zaidi, vijiji ndivyo vinavyolipa. Nimewahi kuwa na jeshi kubwa lisilolipika.

Anayetaka kuanza aanze na mafunzo ya mwanzoni, halafu A Tale of Two Brothers, ndugu wawili Arvith na Baran, kampeni fupi ya sura nne. Achague ngazi rahisi, asione haya. Mimi sasa niko Under the Burning Suns, jangwani, nchi yenye majua mawili, na saa zangu zote nilizozoea zimevurugika. Naipenda hivyo.

Faili la kuiweka liko kwenye kompyuta ya dukani. Leseni yake inaruhusu mtu kunakili na kugawa, kwa hiyo mwanafunzi akiuliza, "Dada, hiyo gemu gani?" nampa kwenye flashi yake bila kumtoza. Nimeshawapa tisa. Wa tisa alirudi juzi kutoa kopi, hata kusalimia hakusalimia, akasema mchawi wake amekosa mara tatu mfululizo na sasa kiongozi wake amebaki peke yake ngomeni. Nikamuuliza ni saa ngapi kule.

"Usiku wa kwanza," akasema.

Nikamsogezea kiti, akafungua kompyuta yake tukaangalia.